Jezi Zimefika Wapi?

Mji wa Nyeri hauna shida ya vifaa vya michezo. Mpira utaupata dukani, raketi utaipata, na ukishuka Karatina siku ya soko utakuta daluga za mitumba zimepangwa juu ya turubai, nyingine zikiwa bado na udongo wa viwanja vya Ulaya umeganda kwenye njumu. Muuzaji anataka zitoke upesi kuliko unavyotaka wewe kuzinunua, na hilo peke yake linakupa nguvu. Usipopenda bei, unasonga hatua tatu hadi turubai la jirani.

Mambo hubadilika siku unapotaka kitu ambacho bado hakipo. Jezi zenye rangi ya kijiji na majina mgongoni, fimbo za gofu zilizokatwa kufuata urefu wa mikono yako, buti la mlimani la mguu ambao hakuna kiwanda kilichoukadiria: vitu hivi huagizwa. Ukishatoa arbuni, wewe ndiye mwenye haraka na fundi ndiye mwenye nafasi. Turubai la jirani halikusaidii tena, maana kitu chako hakiwezi kuwa pale.

Sura hii inahusu kipindi hicho cha katikati, pesa zimeenda na kitu hakijaja. Watu wa miji inayouzunguka Mlima Kenya wanakijua sana. Kutoka Nyeri hadi Nairobi ni kilomita 150 hivi, Nanyuki inakaribia 200, na kazi nyingi za kupima na kukata hufanyika huko chini. Umbali huo si mkubwa kwa gari. Kwa mtu anayedai, ni mkubwa sana: huwezi kupita karakana kila asubuhi ukichungulia, na fundi anajua kwamba huwezi.

Timu moja ninayoifahamu vizuri hucheza Jumapili kwenye uwanja wa shule ya msingi, upande wa Mathira. Mweka hazina wake ni mama anayeuza viazi, na timu ilimpa kazi hiyo kwa sababu iliyo wazi, kwamba hakuna aliyewahi kumpunja. Waliagiza jezi kwa kijana mmoja wa Nairobi waliyeelekezwa na timu nyingine, wakatuma nusu ya bei kwa M-Pesa, wakaambiwa wiki mbili. Wiki mbili zikapita. Mama akapiga simu.

"Kijana wangu, jezi zetu zinakuja lini?"

"Usijali mama, ni kesho kutwa."

Kesho kutwa ilipofika, stima zilikuwa zimepotea mtaani kwao. Wiki iliyofuata kitambaa kilikuwa kimekwama Mombasa. Iliyofuata tena alikuwa na msiba, na msiba haujadiliwi. Kisha simu ikawa "mteja hapatikani". Ilipopatikana, jibu lilikuwa lilelile la kwanza, kesho kutwa, kwa sauti ileile ya upole.

Kijana huyo huenda hakusema uongo hata mara moja. Ukimuuliza mtu "lini" kuhusu jambo ambalo haliko mikononi mwake, atakupa matumaini yake, na matumaini ya fundi huwa karibu siku zote ni kesho kutwa. Swali ni bovu. Linamtaka atabiri, na utabiri hauna namna ya kukaguliwa mpaka siku yenyewe ipite. Mama wa viazi alilitambua hilo kabla ya vijana wake, kwa kuwa ndivyo anavyofuatilia magunia yake yanapotoka shambani. Hamuulizi dereva atafika saa ngapi. Humuuliza amefika wapi, kisha anahesabu mwenyewe. Basi akampigia kijana tena na kumwambia: "Sitaki kujua lini. Jezi zimefika wapi? Nitumie picha nizione."

Hakuna picha iliyokuja siku ile. Ilikuja orodha ya maswali. Mchezaji gani anavaa namba sita? Huyu wa kumi jina lake lina "th" au "t" peke yake? Na mfadhili, mheshimiwa mmoja wa wadi aliyetoa sehemu ya pesa, alikuwa amempigia kijana moja kwa moja akitaka jina lake kifuani liongezwe ukubwa. Jezi zilikuwa hazijaanza. Zilikuwa kwenye kompyuta, zikingoja watu watatu wakubaliane, na hakuna hata mmoja kati yao aliyejua kwamba anangojwa.

Ili kuelewa kwa nini kijana hakuanza na zile zilizokuwa kamili, inafaa kujua jezi ya siku hizi inavyotengenezwa. Ile yenye michoro mwili mzima haipakwi rangi juu ya nguo. Mchoro huchapwa kwanza kwenye karatasi ya pekee kwa wino wa pekee, kisha karatasi hulazwa juu ya kitambaa cheupe cha polista na vyote viwili hubanwa kwenye mashine yenye joto la nyuzi 200 hivi za selsiasi, kwa muda usiozidi dakika moja au karibu na hapo. Wino hugeuka mvuke na kuingia ndani ya nyuzi zenyewe, ndiyo sababu haubanduki hata ukifua mwaka mzima. Pamba haiukubali wino huo, na kitambaa cheusi hakifai. Mara nyingi vipande hukatwa na kushonwa baada ya hapo.

Uzuri wa njia hii ndio chanzo cha ucheleweshaji wake. Rangi hubadilika kidogo kila joto linapopanda au kushuka, na kila roli ya karatasi inapobadilishwa. Ukichapa jezi kumi na nne leo na mbili wiki ijayo, zile mbili zitakuwa za kijani kingine, na kwenye uwanja wenye jua kali itaonekana kama umeazima wachezaji wawili. Mchapaji mwenye kujali kazi yake hungoja zote zikamilike. Mwenye kujali pesa zake hungoja hata zaidi: anakusanya oda za wateja kadhaa ili roli ijae, kwa sababu kuwasha mashine kwa ajili ya timu moja ni hasara.

Kuna jambo jingine ambalo mnunuzi wa Nyeri haambiwi. Mtu aliyempa pesa mara nyingi hana mashine. Ana kompyuta, simu, na ukurasa wenye picha nzuri. Mashine ya kuchapa ni ya mtu wa pili, anayekata ni wa tatu, cherehani ni ya wa nne, na mzigo ukishafungwa unapelekwa stejini kupandishwa matatu ya kwenda mlimani. Kila mmoja ana foleni yake. Arbuni yako ilikununulia nafasi katika foleni ya kwanza tu, na yule uliyemlipa anasimulia habari za foleni nyingine kama alivyozisikia. Ndiyo maana swali la "imefika wapi" humsaidia hata yeye, maana linamlazimu aende akaangalie.

Foleni hizo zina msimu. Januari, shule zinapofunguliwa, mafundi wa cherehani kuanzia Nairobi hadi Chuka wanashona sare, na sare za shule hazingoji mtu. Kampeni zikianza, wachapaji wa fulana wote hugeukia wanasiasa. Kabla ya uchaguzi mkuu wa Agosti 9, 2022, timu ya kijiji yenye oda ya jezi kumi na sita ilikuwa inashindana na mgombea anayetaka fulana elfu tatu kufikia Ijumaa na anayelipa taslimu. Timu ya kijiji haishindi mashindano hayo. Halafu kuna kalenda ya michezo yenyewe. Soka ya shule za sekondari huchezwa muhula wa pili, na kila mwalimu wa michezo kati ya Othaya na Meru hukumbuka jezi katika wiki zilezile. Mwenye akili huagiza wakati hakuna anayefikiria mpira. Wenye akili hiyo ni wachache, nami nimeona makocha wazuri kabisa wakiagiza jezi za mashindano baada ya droo kutolewa.

Mwaka 2016 taifa zima lilipata somo la swali hilohilo la "imefika wapi", kwa gharama kubwa zaidi. Wanariadha wa Kenya waliokwenda Olimpiki ya Rio walilalamika kwamba hawakupata mavazi na viatu vyote vilivyotolewa na mdhamini, Nike. Ungeuliza "lini", ungengoja hadi leo. Mzigo ulikuwa umeshafika Kenya. Baada ya michezo kuisha, wapelelezi walikuta makasha ya vifaa vya timu katika nyumba jijini Nairobi, na maofisa wakafikishwa mahakamani. Shida ya oda ile haikuwa kuchelewa. Ilipita njia nyingine.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote kuhusu vifaa vya kuagiza hakina duka wala mchapaji. Kilitokea Nanyuki, wakati wa Vita Vikuu vya Pili, ndani ya seng'enge.

Waingereza walikuwa na kambi ya mateka wa kivita hapo, Kambi Namba 354, iliyojaa Waitalia waliokamatwa Ethiopia na kwingineko. Mmoja wao alikuwa Felice Benuzzi, ofisa wa utawala wa kikoloni wa Italia aliyekulia Trieste na kujifunza kupanda milima ya huko kwao tangu ujana. Alfajiri moja ya mwaka 1942 mawingu yakafunguka, akauona Mlima Kenya kwa mara ya kwanza. Watu wa Nanyuki wanajua hali hiyo: mlima hukaa siku nyingi umejifunika, kisha unajitokeza mzima mzima kama umewekwa usiku. Benuzzi aliamua kutoroka, kuupanda, na kurudi kambini mwenyewe. Hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Nchi zisizofungamana na upande wowote katika vita zilikuwa mbali mno kwa mtu wa miguu.

Kupanda mlima wenye barafu kunahitaji shoka za barafu, meno ya chuma ya kufunga chini ya buti, kamba, nguo nzito, hema na chakula. Hakuna kimoja kati ya hivyo kilichouzwa kambini, na huwezi kuomba mlinzi akununulie. Kila kifaa kilibidi kiagizwe kwa wafungwa wenzake, kwa siri, mmoja mmoja. Nyundo ziligeuzwa kuwa shoka za barafu. Chuma chakavu kikawa meno ya buti. Kamba za mkonge zilizokuwa zimefumwa vitandani zikafumuliwa na kuwa kamba za kupandia. Ufunguo wa lango la bustani ya mboga ulichukuliwa alama yake na fundi mmoja akachonga wa pili. Sigara zilikuwa sarafu ya kambi, hivyo aliyetaka vifaa alibidi aache kuvuta. Maandalizi yakala miezi.

Kwa kipimo cha siku hizi hiyo ni oda iliyochelewa vibaya. Hata hivyo ukisoma kitabu alichokuja kuandika Benuzzi, kilichotoka kwa Kiitaliano mwaka 1947 na kwa Kiingereza mwaka 1952, hukuti lile fadhaiko la mteja aliyepotezewa. Sababu yake naiona hivi. Alijua kila kifaa kiko mkononi mwa nani. Fundi wake alilala umbali wa vibanda vichache, akala chakula kilekile, na wote wawili waliona shoka likianza kufanana na shoka. Hapakuwa na foleni nne zilizofichana. Tena tarehe ya mwisho haikuwa ya kubahatisha, ilikuwa ya mlima. Kiangazi cha Januari na Februari ndicho dirisha la kupanda kabla mvua za masika hazijaanza Machi, na kila aliyehusika angeweza kuinua macho na kuisoma kalenda hiyo angani. Chochote ambacho kisingekuwa tayari kufikia dirisha hilo kingeachwa.

Waliondoka Januari 24, 1943, watatu: Benuzzi, daktari Giovanni Balletto, na Vincenzo Barsotti, ambaye hakuwa mpanda mlima kabisa. Hawakuwa na ramani ya maana. Picha yao bora ya mlima ilikuwa lebo ya kopo la nyama la Kenylon, nayo ilionyesha upande mwingine na ule walioendea. Jaribio lao la kufika Batian, kilele cha juu kabisa chenye mita 5,199, lilishindwa, kwa ugumu wa ukingo waliouchagua na kwa theluji. Siku mbili baadaye, Februari 6, Benuzzi na Balletto walisimama juu ya Lenana, mita 4,985, na kusimika bendera ya Italia waliyoishona wenyewe. Chakula kilikuwa kimekwisha. Wakateremka na njaa, wakaingia kambini tena Februari 10. Adhabu ilikuwa siku 28 za korokoroni. Mkuu wa kambi akaipunguza hadi saba, kwa kuthamini ule moyo wa kimichezo.

Vifaa vile vya magendo havikuwaangusha. Kilichowashinda ni tumbo na mwamba.

Waongozaji wa wapanda mlima wa Naro Moru na wapagazi wao bado wanaishi karibu na hali hiyo ya vifaa vya kuungaunga kuliko wanavyopenda wageni kujua. Buti zuri la mlimani mara nyingi hutoka kwa mgeni aliyelivua na kuliacha kama zawadi mwisho wa safari, au hutoka kwenye mitumba ya soko la Gikomba, na mguu ndio hulazimika kulizoea. Kuagiza buti la kipimo kutoka ng'ambo ni jambo la wachache. Wanaofanya hivyo, pamoja na wacheza gofu wa Nyeri na Nanyuki wanaoagiza fimbo zilizokatwa kwa vipimo vyao, huongeza foleni ya tano na ya sita: meli au ndege, kisha forodha. Hapo tena ushuru hupigwa, na VAT ya asilimia 16 juu yake, na mwenye mzigo asiyekuwa na ankara sahihi hukaa akibishana kuhusu thamani ya kitu ambacho hajakigusa. Machi 2021 meli ya Ever Given ilikwama kwenye Mfereji wa Suez kwa siku sita na kuziba njia ya mizigo kati ya Asia na Ulaya. Watu wa gofu na baiskeli duniani kote walikuwa tayari wanangoja, maana wakati wa korona kila mtu alitaka mchezo wa kucheza nje, na viwanda vilikuwa vimeelemewa. Mtu wa Nanyuki aliyekuwa anangoja seti yake hakuwa amelaaniwa. Alikuwa nyuma ya dunia nzima. Angalau wakati ule mtu aliweza kufungua simu na kuiona meli yenyewe imekwama, na naamini wengi walitulia kwa sababu hiyo.

Na kama umeuliza iko wapi, ukaonyeshwa, ukangoja, na bado haiji? Hapo watu wa kwetu hugawanyika. Kuna wanaoendelea kupiga simu kwa upole mwaka mzima, na kuna wanaotishia polisi siku ya tatu. Wa pili hukosea jina la kosa: fundi aliyechelewa si mwizi, na kituo cha polisi kitakwambia hilo ni deni. Lakini ni wale wa kwanza ninaowahurumia zaidi, maana upole wao unawapotezea haki bila wao kujua.

Kuna kesi ya Uingereza inayoeleza jambo hili vizuri kuliko mhadhara wowote. Mwaka 1947 mtu aliyeitwa Oppenhaim aliipa kampuni ya Charles Rickards chesisi ya Rolls-Royce ijengewe bodi, kama matatu zetu zinavyojengewa, kwa muda wa miezi sita au saba hivi. Muda ulikwisha Machi 1948, bodi haipo. Oppenhaim hakuvunja mkataba. Aliendelea kuwasukuma, akakubali ahadi moja baada ya nyingine. Mwishoni mwa Juni akachoka, akawaandikia kwamba gari lisipokuwa tayari ndani ya wiki nne, hatalipokea. Wiki nne zikapita. Gari likakamilika Oktoba, wakamletea, akakataa. Mahakama ya Rufaa, mwaka 1950, ilimpa haki. Majaji walisema kwamba kwa kuendelea kungoja aliiachilia tarehe ya kwanza na asingeweza kuirudia ghafla. Lakini alikuwa na haki ya kuweka tarehe mpya, mradi iwe ya busara na aitangaze waziwazi, na tarehe hiyo ilikuwa na meno.

Mahakama za Kenya hazifungwi na hukumu hiyo, ila huiheshimu, kwa kuwa sheria yetu ya mikataba ilichipuka kutoka huko. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inasema kwamba pasipotajwa tarehe, muuzaji anayepaswa kupeleka bidhaa atazipeleka katika muda unaofaa. Maneno hayo mawili, "muda unaofaa", yanaweza kula mwaka wa mabishano. Kwa hiyo tarehe iandikwe mwanzoni, na ikishindikana iandikwe nyingine. Ujumbe wa simu unatosha kuanzia: "Fundi, tulikubaliana jezi zifike tarehe 20 mwezi uliopita. Hazijafika. Tunakupa hadi Ijumaa ya wiki ijayo, saa kumi jioni. Zisipofika, tumevunja oda na utaturudishia arbuni yote." Usitukane, usimtaje Mungu, usiongeze habari za wachezaji wanaovunjika moyo. Ujumbe ule wa M-Pesa ulioonyesha malipo usiufute.

Deni lisilozidi shilingi milioni moja linaweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Nyeri ni mojawapo ya miji yenye mahakama hiyo. Wakili si lazima, na kesi inatakiwa iamuliwe ndani ya siku 60. Naisifu mahakama hii bila kusita, lakini nitasema pia jambo ambalo mabango yake hayasemi: hukumu si pesa. Kijana mwenye kompyuta moja na ukurasa wa picha anaweza kushindwa kesi kabisa na bado asiwe na cha kukamatwa. Kama kitambaa kimeshakatwa, mara nyingine afadhali kuchukua kitambaa. Mpe fundi cherehani wa mtaa wako, achape namba kwa skrini, na msimu uendelee.

Zamani sehemu hizi, hesabu ya nguvu kati ya mteja na fundi ilikuwa kinyume kabisa. Mhunzi wa Kikuyu, aliyeyeyusha mchanga wa chuma wa mitoni na kufua mikuki na simi, aliogopwa kwa laana yake. Mtu aliyengoja mkuki hakumfokea. Alileta mbuzi na adabu. Sidhani mikuki ilitoka haraka zaidi, ila angalau hakuna aliyejifanya kwamba mteja ndiye mfalme.

Salio ndilo chombo ambacho mnunuzi wa leo anacho na mteja wa mhunzi hakuwa nacho, nalo watu hulitumia vibaya mno. Wengi, wakichoka kungoja, hutuma salio lote mapema wakidhani litamtia fundi moyo. Linamtia moyo wa kuanza oda ya mteja mwingine ambaye bado anadaiwa. Salio likae kwako mpaka mzigo ufunguliwe. Ufunguliwe pale pale kwenye kaunta ya mizigo, mbele ya karani wa sako ya matatu aliyeupokea, si nyumbani jioni kukiwa na kelele za furaha. Hesabu jezi, hesabu kaptura, soma majina kwa sauti, vuta mshono wa kwapani, mtafute kipa maana rangi yake hutofautiana na ndiye husahaulika. Kitu kilichochelewa sana hupokelewa kwa shukrani nyingi mno, na shukrani hizo ndizo hufumba macho.

Jezi za Mathira zilifika hatimaye, wiki chache baada ya lile swali la mama, na picha zilitangulia: kwanza karatasi zilizochapwa, kisha vipande vilivyokatwa, kisha mrundo kando ya cherehani. Mheshimiwa alikuwa ameshindwa kwenye uteuzi wa chama wakati huo, lakini jina lake lilikuwepo kifuani, kubwa kama alivyotaka. Mama alifungua gunia kwenye kaunta huku karani akinung'unika kuhusu foleni. Zote zilikuwa za kijani kimoja. Namba sita ilikuwepo. Wachira alikuwa ameandikwa "Wachria". Akampigia kijana hapo hapo, akamsomea herufi moja moja, akamtumia salio la jezi zote isipokuwa hiyo, na kumweleza kwamba pesa yake ipo, imekaa kwenye simu, ikingoja picha.

Picha ilikuja Jumatano.